Mtani Wetu na Unga wa Serikali

Hodi hakuwa nayo. Kijijini kwetu kila mtu alisimama uani, akaita hodi na kungoja aitikiwe, hata mwalimu wa chuo cha Kurani, hata jumbe mwenyewe na fimbo yake. Yeye aliingia tu. Ungemkuta jikoni ameshafunua chungu, amekiinamia kwa jicho moja kama fundi saa, halafu anauliza, "Hiki mnakula, au ni cha kuoshea miguu?"

"Cha kukulisha wewe, pagazi," Mama anamjibu bila hata kugeuka. "Punda hachagui majani."

Basi anakaa kitako, anakula. Akishiba anajipangusia mkono kwenye kanga ya Mama iliyoanikwa, na wakati wa kuondoka anaondoka na kitu. Mara mwiko, mara kata ya kuchotea maji, mara kuku mzima kwapani. Mama anamfuata mpaka njia kuu akimporomoshea matusi, na majirani wanatoka kusikiliza kama wanaotoka kutazama ngoma. Baada ya siku chache Mama naye anakwenda kwake, anaingia vilevile, anarudi na jembe au mtungi, na yeye yuko nyuma anapiga kelele, "Jamani, Mzaramo kabeba jembe! Kaacha ngoma, anataka kulima! Dunia imekwisha!"

Tulimwita Mtani, kijiji kizima. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, maana kila mtu analo, lakini halikuwa na kazi. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo. Wazee wao zamani walipita kwetu wakiwa wapagazi, mizigo vichwani, wanakwenda Bagamoyo, na wazee wetu, tusifichane, waliwavizia njiani wakawanyang'anya. Wakapigana, wakachoka, wakapatana. Mapatano yenyewe ndiyo utani: mimi nitakutukana na wewe hutakasirika, nitachukua chako na wewe utachukua changu, na siku ukifa mimi ndiye nitakayekuchimbia kaburi. Mambo mengine ya kwao siyaandiki. Mwenyewe akiulizwa alizaliwa wapi alijibu, "Njiani, na mzigo ulikuwa kichwani tayari."

Shingo yake ilikuwa imelala kidogo upande mmoja, na huo mzigo wa kuzaliwa nao ndio uliokuwa dawa yake ya maswali yote. Kwa nini huoi tena? Mzigo. Kwa nini msikitini unasimama safu ya nyuma? Nimebeba mzigo, nikianguka nisiwaangukie. Alilima mpunga bondeni, nyuma ya mashamba yetu, kati ya Mapinga na Mbegani, na mpunga wake ulikuwa mzuri kuliko wetu. Hilo nalo halikusemwa ila kwa matusi.

Jambo moja lilinishangaza tangu nilipokuwa mdogo. Kuku alikuwa hali. Alisema nyama yake inamwasha koo. Wale aliotuibia aliwafuga, na siku moja unamwona tetea wetu anarudi nyumbani mwenyewe na vifaranga nyuma yake, na Mtani yuko mbali anasema, "Mchukueni mke wenu, kanishinda tabia."

Ahsante pia hakuwa nayo. Mgeni akimpa kitu, hata maji, atapokea, atakunywa, atarudisha kikombe na neno la kuudhi. Mama alipomuuliza kwa nini, na mimi nipo, napembua mchele, alisema, "Ahsante ni kufunga mlango. Ukiniambia ahsante umenilipa, na mimi niende zangu. Nakutukana ili nirudi kesho."

Yalikuwa maneno yake ya kila siku, kwa hiyo hatukuyashika. Alikuwa na mengine. "Mkono ukipokea kila siku na hautoi, huota kina kama bakuli." "Shibe ya mtu mmoja ina kelele, ya watu wawili ina mazungumzo." Mengine hayakuwa na maana yoyote, na alipoona tunatikisa vichwa kwa heshima alicheka mpaka akakohoa.

Bibi yangu mzaa mama alipofariki, Mtani ndiye aliyechimba kaburi. Alipomaliza akajilaza mle ndani, mikono kifuani, akafumba macho. Jeneza likafika. Mwalimu wa chuo akasema, "Ondoka, tunachelewa."

"Siondoki," sauti ikatoka chini. "Bibi huyu nilimdai mchi wangu miaka yote. Kaburi hili naliona zuri, nitakaa mimi. Yeye mrudisheni nyumbani akapike."

"Astaghfirullahi," mwalimu akasema, lakini hakuweka nguvu katika sauti, maana ndiyo mila, na yeye mwenyewe alikuwa amegeuzia uso pembeni.

Ikabidi wajomba watoe kuku. Akasema kuku mmoja ni wa mguu wa kulia, je, wa kushoto? Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa hata chozi, aliangua kicheko pale pale makaburini, na kicheko kikageuka kilio, akalia vizuri, akamaliza. Siku ile nilielewa kazi ya mtani. Anakuja kukufungua, kama mtu anayefungua mfereji ulioziba.

Nayaandika haya kwa sababu ya jambo moja ambalo nimelitamani kwa miaka mingi. Nilitamani Mama amtukane tena. Watu wengine wanatamani nyumba ya bati. Mimi naota mambo mengi, wenzangu hunicheka, lakini hilo la Mama na Mtani ndilo lililokuwa la kwanza kila asubuhi. Kwa sababu mtu niliyemweleza hapo juu, miaka yake ya karibuni, alikuwa anasimama uani kwetu mikono nyuma na kusema, "Hodi, wenyewe." Na Mama, mama yangu mimi, alikuwa anajibu, "Karibu, ndugu yangu. Ahsante kwa kuja kututazama." Halafu wanakaa kimya. Ukiwapita ungesema ni watu waliokutana kituo cha basi.

Yalianzia kwenye njaa.

Mvua zilikosa kuja, zikakosa tena. Mihogo iliyobaki ardhini ilichimbuliwa na nguruwe kabla yetu. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, mbali, na alichokituma hakikufika au kilifika kimechelewa. Tulikwenda porini kuchimba ndiga, kiazi cha mwitu chenye sumu. Usipokiloweka na kukiosha mara nyingi kinakulevya, na ukikosea zaidi kinakuua. Mama aliosha mpaka vidole vikachubuka. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kinu.

Ndipo lori la serikali likaja na unga. Unga wa manjano, magunia yana maandishi ya ng'ambo. Tulipanga mstari barazani kwa jumbe, kila mama na chombo chake. Nitasema wazi, kwa sababu siku hizi vijana pale Bagamoyo wanakaa nje kwa fundi cherehani wanabishana kama msaada wa wageni ni dawa au sumu, na wanaobisha wote wameshiba: unga ule ulituponya. Mimi nimeula. Usingekuja, mkono huu usingeshika kalamu. Ulikuwa mchungu kidogo, ukipikwa unavuta kama gundi, na tuliulamba mpaka kwenye mwiko.

Mtani naye aliula. Lakini hakuwa na raha nao.

"Unanikwama," alimwambia Mama, siku moja amekaa jikoni kwetu, sufuria iko kati yao. "Unashuka mpaka hapa, unasimama."

"Kunywa maji," Mama akasema.

"Sikiliza, Mzaramo. Wewe ukinipa chakula, najua nitakuzika. Huyu Mzungu wa lori nitamlipa nini? Hataki hata tumtazame. Anakuja, anatoa, anaondoka. Hata jina langu hajalitukana."

"Afadhali mtu anayetoa akaondoka," Mama akasema, "kuliko wewe unayechukua na kubaki. Mwanangu jana kasimama bila kushika kitu. Kasimama kwa unga gani? Wa kwako?"

"Nakubali. Kasimama." Macho yake yakaanza kucheza, na mimi nikafurahi, maana macho ya watu wengi siku zile yalikuwa yamelala. "Basi hebu niambie. Babu zenu waliwapiga babu zetu, baadaye wakatulisha, tukawa watani. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Wazungu nao walitupiga sote, mimi na wewe. Leo wanatulisha. Mtu aliyekupiga jana na leo anakulisha, huyo ni nani?"

Mama akaweka mkono mdomoni.

"Ni mtani!" Mtani akasema. "Tatizo ni kwamba hajaambiwa. Anatupa unga kama anayewatupia kuku kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha desturi. Nitamfundisha."

"Wewe! Usithubutu. Watakufunga."

"Kwani nitamdhuru? Nitamheshimu, kwa njia yetu."

Jumbe alipopata habari alikuja mwenyewe kumwonya. "Serikali haina utani," akasema.

"Maskini," Mtani akasema. "Sasa inazikwa na nani?"

Siku ya lori, Bwana Shauri alikuja mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalo niliandike. Alikuwa kijana, pua imechunwa na jua, na alipoona watoto waliodhoofika alikuwa anatazama haraka halafu anatazama magunia. Karani alisimama karibu naye kumtafsiria. Bwana Shauri aliketi kwenye kiti cha jumbe, akavua chepeo yake, ile kofia ya jua, kwa joto, akaiweka juu ya gunia.

Mtani alitoka kwenye mstari polepole kabisa, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Akafika, akaichukua chepeo, akaivaa. Ilimlalia juu ya ile shingo ya upande. Akajinyoosha, akatembea mbele ya magunia mikono nyuma, pua juu, anatazama watu haraka, halafu magunia, halafu watu, halafu magunia. Alikuwa yeye, yule Bwana, mpaka pumzi zake.

Mtu mmoja akacheka. Halafu wote tukacheka. Sijui niseme tulicheka vipi. Ilikuwa miezi mingi hatujacheka, na kicheko kilitoka na maumivu, watu wakajishika mbavu, mbavu zenyewe zikionekana. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote. Alimshusha mdogo wangu mgongoni, akakaa chini mchangani akapiga makofi. "Pagazi! Leo umebeba kofia!" akamwambia.

Mtani akasimama mbele ya Bwana Shauri, akasema kwa sauti ya makaburini, "Mtani, kofia hii haitoki. Haitoki mpaka uahidi mbele ya watu hawa. Siku ukifiwa, uko huko kwenu au hapa, utatuita. Tutakuja tukuchimbie. Ukiahidi, kofia yako hii, na unga wako tutakula."

Halafu akangoja. Niliuona uso wake. Hakuwa anacheza hata kidogo. Alikuwa anangoja yule naye amtukane, amnyang'anye jembe lake au kikoi, amfukuze kwa kelele, aseme lolote, ili mambo yawe sawa na unga ushuke kooni.

Bwana Shauri alimtazama karani. Karani alikuwa mtu wa bara ya mbali, au aliogopa, sijui, akasema maneno machache tu. Bwana Shauri akatabasamu, tabasamu la kumtabasamia mtoto wa mtu. Akanyoosha mkono, na Mtani, baada ya kungoja kidogo zaidi, akampa kofia. Mzungu akatutazama sisi, bado tunafuta machozi ya kicheko. Akasema neno, karani akatugeuzia:

"Bwana anasema amefurahi sana kuona hapa hali imekuwa nzuri. Watu wenye njaa hawachezi."

Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyefungwa. Wiki iliyofuata tulipanga mstari, lori likapita njia kuu bila kukunja kona. Jumbe alikwenda boma, akaambiwa kuna vijiji vyenye shida zaidi, kule Mkange watu wanakufa, lori ni moja. Na ilikuwa kweli, Mkange watu walikuwa wanakufa. Huwezi kuulaumu unga kwa kwenda Mkange.

Tulirudia ndiga. Mdogo wangu aliacha kusimama, akarudi kukaa, halafu akarudi kulala. Pengine alikuwa mgonjwa kabla. Mama mkubwa alisema ni homa, si njaa, homa ilikuwapo kijijini. Hatuwezi kujua. Alifariki wakati wa adhuhuri, na Mtani ndiye aliyechimba, kwa sababu ni kazi yake.

Watu waliokuja walikuwa wachache, hawakuwa na nguvu. Mtani alimaliza kuchimba, akatoka nje ya kaburi, akasimama pembeni. Hakujilaza. Hakudai mtu kitu. Mama alimtazama muda mrefu, nadhani alikuwa anangoja, kama yeye alivyomngoja yule Mzungu. Mtani akainamisha kichwa na kusema, "Pole, dada." Hakuwahi kumwita dada. Mama akasema, "Ahsante." Hakulia siku ile, wala baadaye sikumwona akilia.

Kesho yake Mtani alikwenda Bagamoyo kwa miguu. Waliomwona walisema alikaa nje ya boma jua zima, amevaa gunia, uso chini, mkono mbele. Alikaa hivyo siku hadi siku. Alikuwa anawaonyesha njaa namna wanavyoitaka. Hakusema hata neno, yeye. Na lori likarudi.

Lori liliporudi, tulikuwa tumejua la kufanya. Hakuna aliyetufundisha, na wote tulijua. Tulisimama macho chini. Mtoto aliyecheka alifinywa na mama yake. Bwana Shauri alipita mbele yetu, na tukawa na njaa vizuri, kwa utulivu, mpaka magunia yote yakashuka. Karani akasema, "Semeni ahsante," tukasema ahsante kwa pamoja kama watoto wa darasani. Sauti ya Mtani niliisikia katikati yetu.

Mvua zilikuja mwaka uliofuata. Tulivuna. Nakumbuka mpunga ulivyokuwa umesimama bondeni, na siku hiyo hiyo gari la serikali likapita kukagua barabara tu, halina unga wala nini. Watu waliokuwa wanaimba shambani wakanyamaza, wakainamisha vichwa. Lilipopotea wakaendelea kuimba kutoka pale walipoachia. Hakuna aliyelisemea jambo hilo. Mimi mwenyewe niliinamisha kichwa, na nilikuwa nimeshiba.

Basi nikiwasikia wale vijana kwa fundi cherehani, mmoja anasema msaada ni sumu ya polepole, mwingine anasema njaa ndiyo sumu na ni ya haraka, mimi na beseni langu la maandazi nacheka tu na kupita. Wakiniuliza nasema, "Nunueni maandazi, huo ndio msaada." Lakini nikiwa peke yangu naota. Naota siku moja kwao kumekuwa na njaa, Mungu apishe mbali, na sisi tumepeleka lori la mpunga. Yule Bwana, mzee sasa, amesimama kwenye mstari. Na anatoka kwenye mstari polepole, ananyakua bakora ya jumbe wetu, anatembea nayo shingo upande, na sisi tunacheka, na tunaendelea kushusha magunia.

Nilimsimulia Mtani ndoto hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni ndoto nzuri, mwanangu," akasema. Zamani angeniuliza kama nimelala na tumbo tupu.

Watu hawakumtenga, hapana. Ndiyo shida yenyewe. Walikuwa wema kwake. Walimsalimia, naye akaitikia. Msibani alichimba, akasimama pembeni. Vijana waliozaliwa baadaye hawajui kwa nini anaitwa Mtani, wanadhani ni jina. Kuku wetu waliongezeka, hakuna aliyewaiba. Siku moja nilimwona Mama amesimama mlangoni anamtazama akipita njiani na jembe lake begani, amefungua mdomo. Nikaacha kutwanga. Jembe lilikuwa jipya, lina mpini mrefu wa kuchekesha, mtu yeyote angepata la kusema. Mama akafunga mdomo, akaingia ndani.

Jioni hiyo nilimuuliza, "Mama, bado una hasira naye?"

"Sina."

"Basi kwa nini?"

Alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu. "Nilicheka mimi," akasema. "Nilicheka kuliko wote. Nilimtua mtoto chini ili nicheke." Akachukua nazi nyingine, akaanza kuikuna.

Mwaka jana, baada ya masika, miguu ya Mtani ilivimba. Akawa hawezi kwenda bondeni, halafu hawezi kutoka mlangoni. Hana mke, hana mtoto wa karibu. Mama alianza kumpikia. Kila adhuhuri anafunika bakuli, ananipa: "Peleka kwa mzee." Hakusema kwa Mtani.

Nilipeleka. Anajivuta, anakaa, anapokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, mwanangu. Mwambie mama ahsante. Mungu awazidishie." Anakula macho chini. Namjua mtu anayekula hivyo, nimekula hivyo mimi mwenyewe. Namngoja amalize, nachukua bakuli, narudi.

"Amesema ahsante, Mama."

"Vizuri."

Siku inayofuata, vilevile. Nilifika mahali sisikii kitu tena, naenda na kurudi kama ndoo ya kisimani. Nilijaribu kumtukana mimi. Nilimwambia miguu yake imekuwa minono, tunaitafutia pilipili. Alitabasamu kwa adabu, akasema, "Ndiyo, mwanangu, imevimba." Nilikwenda nyuma ya nyumba yake nikasimama kwa muda, halafu nikarudi kuchukua bakuli.

Mwezi uliopita nilimwambia Mama sipeleki tena. Nilisema tu, bila ukali, kwa sababu nilikuwa nimechoka. "Kapeleke mwenyewe. Mimi naleta ahsante kila siku, sina pa kuziweka."

Mama alinitazama. Akafunika bakuli la wali na mchuzi wa samaki, akajitanda kanga, akatoka. Nikamfuata kwa mbali, halafu kwa karibu.

Mtani alipomwona alishtuka, akaanza kujifunika miguu na shuka. "Karibu, dada. Ahsante kwa..."

"Nyamaza," Mama akasema. Akaliweka bakuli chini. Akasimama wima, mikono imening'inia, akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtoto anayesoma asichokielewa. "Umelala hapa kama gunia la chokaa. Kazi yako kula tu. Pagazi gani anayebebwa? Ukifa, nani atakubeba na miguu hiyo? Tutakukodia punda, na punda atakataa." Akatafuta jingine. Halikuja. Ilikuwa miaka mingi. Akabaki amesimama.

Hakuna aliyecheka. Mtani alimtazama, halafu akalitazama bakuli. Akalivuta, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akaliweka mdomoni, akakaa nalo muda mrefu. Akameza.

"Haina chumvi," akasema.

"Nini?"

"Mboga yako haina chumvi. Tangu siku ya kwanza haina chumvi."

"Na siku zote hizo ulikuwa unakula umenyamaza?"

"Nilikuwa na adabu."

Mama aliinama akamnyang'anya bakuli, mchuzi ukamwagikia shuka, akatoka nalo akipita kasi mbele yangu. Nilidhani amekasirika. Mtani alikuwa anautazama mlango.

Nilimkuta Mama jikoni kwetu amepiga magoti, anafungua kopo hili, anafunga, anafungua lile. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, inajaribu neno, inaliacha, inajaribu jingine.

"Chumvi iko nyuma ya mtungi," nikamwambia.

"Najua," akasema, na akaendelea kutafuta.